Uzi wa Ijumaa Kando ya Shamba la Mama

Kuna kipindi maishani mwangu, tena nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne cha shule ya usiku, niliamini kwa moyo wote kwamba mgeni akizungusha uzi mweupe mahali siku ya Ijumaa, na uzi huo ukabaki pale mpaka Jumamosi jua linazama, basi mawe ya mpaka hung'oka yenyewe ardhini na kuufuata ule uzi kama ndama wanavyomfuata ng'ombe. Jumapili mnaamka, shamba lenu limeshahamia kwa mwenye uzi, na hakuna ofisi duniani inayoweza kulirudisha.

Msicheke. Au chekeni, ila mkimaliza mnisikilize, kwa sababu ninyi mnaomaliza shule hapo Issenye na kutafuta kazi kwenye kambi za wageni za kuelekea geti la Ikoma mtakutana na mambo ya ajabu kuliko hayo, na mtayaamini kama nilivyoyaamini mimi.

Aliyeniambia ni Wambura, askari wa getini kambini kwetu. Wambura alitoka Nyansurura, mrefu kiasi kwamba twiga walikuwa wakipita wanampa heshima. Habari zake zote alizipata kwa mtu aliyeambiwa na mtu aliyeona kwa macho yake huko Sirari. Mimi nilimwamini kwa sababu moja tu: nilikuwa na cha kupoteza.

Cha kupoteza kilikuwa shamba la mama. Mama yangu alihamishwa mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza waliweka jiwe, wakasema hapa siyo kwenu. Akahama na vyungu vyake. Mara ya pili wakaweka jiwe lingine. Akahama tena, safari hii akaja kwenye ekari mbili za mtama na mihogo, ukuta kwa ukuta na mahali ambapo baadaye ilikuja kujengwa ile kambi. Akaniambia, "Makuru, hapa sitoki tena." Na kweli hakutoka. Kaburi lake liko pale, upande wa mihogo. Kwa hiyo mtu akija na uzi karibu na ekari zile mbili, mimi akili yangu yote ya kidato cha nne inahama, inabaki ile ya mtu aliyemwona mama yake amebeba chungu kichwani.

Nilikuwa mpishi wa kambi kwa miaka thelathini na moja. Mayai niliyokaanga ni mengi kuliko nyumbu wote wanaovuka mto, na sufuria nilizosugua zikipangwa mstari zinafika Bunda na chenji inabaki. Nimepikia watu wa kila namna. Lakini wageni walionifundisha kazi, na ambao niliwashuku kuliko wote, ni Wayahudi wa Mwalimu Nathani.

Wayahudi niliowajua mimi walikuwa wa kwenye Biblia, wenye kanzu na fimbo. Sikujua kwamba bado wapo na wanavaa raba. Mwalimu Nathani, ambaye wenzake walimwita rabi, yaani mwalimu wao wa dini, alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu nyekundu, ameishi Nairobi miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Kila kiangazi alikuja kwa wiki mbili na vijana ishirini hivi wa vyuo vikuu kutoka ng'ambo, waliokuwa wakijitolea kwenye mashule na zahanati za Kenya na za kwetu. Vijana hawa walizaliwa Wayahudi, lakini dini yao walikuwa nayo kama mtu anavyokuwa na shangazi Mwanza: anajua yupo, jina analikumbuka, hajawahi kumtembelea. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kuwapeleka kwa shangazi.

Sasa mimi wahubiri nawajua. Wanakuja na spika, na kinanda, wanauliza nani atanyoosha mkono, wanaandika majina. Huyu hakuleta spika. Siku ya kwanza kabisa hakuingia hata darasani. Aliingia jikoni kwangu na brashi ya chuma.

"Shikamoo, Mzee Makuru. Hizi sufuria ni zetu?"

"Marahaba. Ni zenu kama mmelipia kambi."

"Basi tuzichemshe."

Tukazichemsha. Vijiko tukachemsha. Wavu wa kuchomea nyama akaupiga moto mpaka ukawa mwekundu kama jua la Februari. Akatoa makopo mawili ya rangi: mipini ya vyombo vya nyama tukaipaka nyekundu, ya vyombo vya maziwa bluu, na nyekundu isikae meza moja na bluu hata kwa bahati mbaya. Mimi, mtoto wa wafugaji, niliyekunywa maziwa juu ya nyama tangu sijaota meno, nikajiuliza: hawa maziwa yetu yamewafanya nini?

Halafu likaja la moto. Nilikuwa nimeshika kiberiti.

"Mzee, moto nitauwasha mimi."

"Kwa nini? Mimi nawasha moto tangu wewe hujazaliwa."

"Najua. Ndiyo maana utapika wewe. Mimi nawasha tu."

Nilimpa kiberiti, lakini kwa uso tu nilimwambia kwamba sikupenda. Jioni ile nikamsimulia Wambura. Akatikisa kichwa chake huko juu kwenye mawingu. "Mura," akaniita kwa Kikurya, yaani mwanaume mwenzangu, "mtu akitaka kuwasha moto wa nyumba yako, anataka nyumba."

Ndivyo nilivyoanza kuwachunguza. Na kwa kuwa mlango wa jiko unatazamana na hema la kulia chakula, ambalo ndilo lilikuwa darasa, nilisoma dini ya Kiyahudi miaka mitatu nikimenya viazi, kwa Kiingereza changu cha shule ya usiku, na kila nilichokisikia nilikishuku.

Kwanza, Mwalimu hakuwa na majibu. Hili lilinisumbua sana. Mimi nilifundishwa na mwalimu ambaye aliandika ubaoni, sisi tukanakili, anayeuliza swali anasimama mpaka kipindi kiishe. Mwalimu ni mtu wa majibu. Huyu ukimuuliza kitu anakurudishia. Kulikuwa na binti mmoja mwaka ule wa tatu, Talia, anasomea sheria, nywele kama kichaka na mdomo kama wembe. Siku ya pili tu akamwambia mbele ya wote, "Mwalimu, hivi Mungu anapata hasara gani nikila jibini na nyama?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona hajali."

"Vizuri. Tafuta mtu humu ndani anayeona anajali, mkagombane. Mkirudi mniambie."

Kisha akaenda kunywa chai! Mimi nyuma ya viazi vyangu nikasema: huyu hajui. Amedanganya mpaka amepata gari na vijana ishirini, lakini somo lenyewe halijui.

Pili, ule ugomvi wenyewe. Njia yake ya kufundisha ni kuwaweka wawili wawili, kitabu kimoja katikati, wasome mstari mmoja na kubishana. Kubishana kwenyewe si kule kwa "samahani mwenzangu". Ni kupiga meza, kunyoosheana vidole, mtu anasimama, anakaa, anasimama tena. Siku ya kwanza nilipowaona, jozi kumi zinarushiana maneno kwa mpigo, kelele zikasikika mpaka Musoma, nilifanya kile ambacho mpishi yeyote mwenye akili angefanya: nilikusanya visu vyote vya jikoni, vya rangi nyekundu na vya bluu, nikavifunga kwenye gunia la unga na kulikalia. Saa nzima. Mwalimu akaja kutafuta kisu cha mkate.

"Mzee, visu viko wapi?"

"Mpaka wapatane."

"Wakipatana," akasema, "nimeshindwa kazi."

Nikabaki na gunia langu. Mwalimu gani anataka wanafunzi wasipatane? Lakini niliona kitu, na ninyi mtakaokuja kufundisha watu wazima, maana najua wengine wenu mtaangukia huko, mkikumbuke. Yule aliyekuwa analala wakati wa hotuba, kwenye ugomvi halali. Hawezi. Mwenzake anamsubiri.

Tatu, na hili ndilo lililoniumiza zaidi, mimi hakunihubiria. Miaka mitatu! Nikamuuliza siku moja, "Mwalimu, mbona mimi huniambii niingie dini yenu? Mimi sifai?"

Akacheka mpaka ndevu zikatetemeka. "Mzee, wewe una dini yako. Mimi sina kazi na dini yako. Nina kazi na chungu chako."

Mtu wa dini asiyetaka roho yangu anataka nini? Anataka kitu kingine. Na mimi kitu kingine nilicho nacho ni ekari mbili.

Hapa niwaibie siri chache za kazi kabla sijasahau, maana kuna siku mtapikia watu wa namna hiyo. Yai usilipasue moja kwa moja kwenye bakuli la wenzake. Lipasue kwenye glasi, litazame, likiwa na tone la damu limwage. Mboga ya majani iloweke kwenye maji ya chumvi, halafu inyanyue jani moja moja kwenye mwanga, kwa sababu mdudu mmoja ni kosa kubwa kwao kuliko nyama ngumu. Unga chekecha hata kama umechekechwa kiwandani. Moto mwache mmoja wao auwashe, ndiyo sheria ya chakula chao, kupika upike wewe. Na chakula cha Jumamosi kinaiva kabla jua la Ijumaa halijazama, kwa sababu Jumamosi, siku yao ya Sabato, hawapiki na hawawashi moto. Chungu kizito: maharage, shayiri, viazi, nyama, kifuniko kinazibwa, kinakaa juu ya makaa yaliyofunikwa kwa bati mpaka mchana wa kesho. Ni ndugu wa kande, ila kande zilizokwenda chuo kikuu. Harufu yake iliwafanya fisi waombe msamaha. Mpaka leo nyumbani kwangu yai linapasuliwa kwenye glasi, na mke wangu ameacha kuuliza.

Sasa nirudi kwa Talia na uzi.

Ijumaa ya kwanza ya mwaka ule wa tatu, watu wameketi mezani, wanaimba, Talia akasimama. Akasema hizi nyimbo ni za babu yake na babu yake alikuwa mtu mbaya, akatoka, akaenda hemani kwake. Nikasubiri kuona Mwalimu atafanya nini. Wa kwetu angemfuata na kumkemea. Angalau angemsema asipokuwepo. Mwalimu hakugeuka hata shingo. Mimi nikaanza kukusanya sahani ya Talia.

"Iache, Mzee."

"Ameondoka."

"Sahani yake inabaki mezani."

Ikabaki mpaka mwisho wa chakula, nafasi tupu, uma pembeni. Talia alirudi akakuta kila mtu ameondoka, chakula chake kiko pale pale kimefunikwa. Nilimwona kupitia mlango wa jiko. Akakaa akala chote, peke yake, mpaka akakomba. Nikasema moyoni: mtego. Hivi ndivyo swala anavyowekewa chumvi.

Katikati ya wiki iliyofuata, tembo wakaingia. Walikuwa wanne, wakafuata harufu ya maboga jikoni kwangu, na njiani wakakanyaga uzio wa miti uliozunguka kambi. Sehemu yote ya upande wa shamba la mama ikalala chini kama biskuti. Fundi wa uzio akasema wiki ijayo. Nilidhani Mwalimu atasikitika kuhusu usalama. Yeye akautazama ule uzio ulioanguka, akashika ndevu, na kitu cha kwanza alichosema ni: "Ijumaa ni lini? Keshokutwa?"

Mnaona? Hata ninyi mngeshuku.

Wiki ya pili ilikuwa desturi yake kila kijana achague jambo moja la dini, ajifunze na mwenzake, aje awafundishe wengine Jumamosi baada ya chakula. Talia akasema kwa dharau, nilimsikia mwenyewe, "Nipe lile la kijinga kuliko yote."

Mwalimu akasema, "Basi uzi ni wako."

Ijumaa asubuhi wakatoka, Mwalimu na Talia na kijana mwingine, wana bunda la uzi mweupe wa nailoni, ule ule ambao mafundi wanautumia kupima msingi wa nyumba. Wakasimika nguzo mahali pa uzio ulioanguka. Wakavuta uzi. Ulipita hatua tatu tu kutoka mtama wa mama yangu. Sasa hivi, nikiwa nimestaafu na nina muda, nakumbuka kwamba anayepima ardhi hupitisha uzi chini karibu na udongo, na huu ulipita juu ya vichwa vya nguzo, mahali ambapo ng'ombe na mtu wanapita chini yake bila kuinama. Macho yangu yaliliona hilo. Hofu yangu ikakataa kulisoma.

Nikamwendea. "Mwalimu, uzi huu ni wa nini?"

Akatabasamu. "Wewe unadhani ni wa nini, Mzee?"

Vijana wangu, kuna siku baadaye Mwalimu Nathani mwenyewe aliniambia: "Mzee, siku ile wewe ulihitaji jibu, mimi nikakupa swali. Lilikuwa kosa langu." Nalishukuru neno lile. Njia ya kuuliza ni nzuri kwa mtu aliyeshiba, asiye na la kupoteza, anayekuja kwako akidhani anajua. Lakini jirani anayetazama shamba lake haulizwi. Anaambiwa, haraka, kwa maneno mafupi. Mimi siku ile nilirudi jikoni. Mtu akikujibu swali la ardhi kwa swali, huku kwetu tunajua maana yake.

Saa tisa mchana nikiwa nimezama kwenye unga wa mkate wao wa kusuka, Mwalimu akaingia jikoni na Talia nyuma yake.

"Mzee, wewe unalala humu humu kambini, sivyo?"

"Nyumba ya wafanyakazi, chumba cha pili."

"Nataka kukodi haki yako ya mahali hapa mpaka Jumapili. Talia ni shahidi. Hii hapa," akaniwekea shilingi mia mbili kwenye kiganja chenye unga. "Unakubali?"

Mikono imejaa, mkate unaumuka, jua linakwenda. Nikacheka, nikasema, "Nakubali, nakubali, toka nifanye kazi."

Nilimwambia Wambura kama utani, dakika tano baadaye, dirishani. Hakucheka. Akashusha kichwa chake mpaka usawa wa binadamu.

"Umepokea?"

"Mia mbili tu."

"Umepokea hela, mbele ya shahidi, siku ambayo uzi umefungwa?" Ndipo akanisimulia ile habari ya mawe yanayotembea. "Makuru, kesho jua likizama mama yako ni mpangaji."

Usiku ule sikula. Mimi, Makuru, ambaye huwa nakula mpaka ukoko! Nilijiona nimekuwa mtu wa tatu kumhamisha mama, na safari hii hana miguu.

Asubuhi nikaamua kumaliza kwa amani. Nikamvizia Mwalimu akitoka hemani. "Mwalimu, chukua hela yako. Nimeghairi."

Akarudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. "Leo siwezi kugusa pesa, Mzee. Ni Sabato. Tuongee kesho."

Kesho! Baada ya jua kuzama! Kama kulikuwa na chembe ya imani iliyobaki, ilitoka palepale. Nilisubiri waanze sala, waliokuwemo hemani wote wakitazama upande mmoja, nikachukua kisu cha nyama chenye mpini mwekundu, nikaenda mpaka nguzo za upande wa mtama, nikakata. Nikakata na upande wa pili. Uzi wote wa sehemu ile nikauviringisha, nikautia mfuko wa aproni, nikarudi jikoni kutazama chungu kama mtu asiyejua lolote. Moyo ulikuwa unapiga ngoma ya kufunga mwaka.

Talia ndiye aliyeona. Alikuwa anatoka hemani kwake kwenda darasani, ameshika kitabu na karatasi za somo lake, akainua macho, akaziona nguzo ziko uchi. Akasimama hapo hapo. Nilimtazama kupitia mlango. Hakwenda mbele wala nyuma. Mwisho akainama taratibu akaacha kitabu na karatasi zake kwenye kiti cha turubai kilichokuwa mlangoni pa hema, akaja mbio mikono mitupu.

"Umekatika! Mwalimu, uzi umekatika! Nilikagua jana mara tatu!"

Sauti yake ilinichoma. Ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri kwa mara ya kwanza, na mtu mwingine ameiharibu.

Mwalimu akatoka, akatazama, akatazamana na mimi kidogo, kisha akawageukia vijana. Sasa ataita askari, nikasema. Sasa tutaujua ukweli.

"Haya," akasema. "Uzi haupo. Chakula kiko jikoni, meza iko hemani, katikati ni hatua arobaini. Tufanyeje? Mnaonaje?"

Hakuuliza nani amekata! Nusu saa walibishana, Talia akiwa katikati, anapiga kiganja chake kwa ngumi, anakumbuka ukurasa huu na ukurasa ule bila kitabu. Mimi nikajua ni mpango wa pili. Mtu aliyeharibiwa mipango halafu anafurahi vile ana uzi mwingine mahali.

Mwisho Talia akasema, "Chakula hakiwezi kuja kwetu. Sisi tunaweza kwenda kwenye chakula."

Wakaja. Watu ishirini na mbili jikoni kwangu! Wakakaa juu ya magunia, juu ya ndoo, mmoja alikaa ndani ya sinki. Mwalimu akapakua mwenyewe. Wakaimba, na sahani za akiba zikagongana ukutani. Hapakuwa na nafasi yangu, na hata ingekuwepo nisingeweza kuwatazama. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda shambani, nikakaa kando ya kaburi la mama nikiwa na uzi mfukoni, nalinda. Jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa nimepanga kukaa mpaka lizame, nione mawe kwa macho yangu.

Sijui zilipita saa ngapi. Nikasikia mtama unagusana. Ni Talia, mikono mitupu. Kiswahili chake kilikuwa cha miezi minane ya kujitolea kwenye shule moja huko Mwanza, sentensi fupi fupi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Wewe hujala."

"Sina njaa."

"Sahani yako iko mezani, jikoni. Nimeifunika. Nataka kukuletea mpaka pale nguzoni, lakini siwezi. Uzi haupo."

Nikamtazama. Jasho, nywele kichaka, uso hauna hila yoyote. Nikaingiza mkono mfukoni, nikautoa.

"Kwa sababu ya huu?"

Aliutazama. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Huyu hapa ni mama yangu." Nikamwonyesha kaburi. "Amehamishwa mara mbili. Mmefunga uzi kwenye shamba lake. Mmenipa hela, wewe ni shahidi. Nimeambiwa jua likizama shamba ni lenu."

Nilidhani atacheka. Alikaa chini kwenye udongo, karibu na mihogo. Halafu akalitoa somo lake, lile alilokuwa amewaandalia wenzake, kwa mtu mmoja.

"Mzee, siku ya Sabato sisi hatubebi kitu nje ya nyumba. Sahani, kitabu, hapana. Ndani ya nyumba tunabeba. Kambi ilikuwa na uzio, basi kambi yote ni nyumba moja. Tembo wakavunja ukuta. Nguzo na uzi ni mlango, mahali pa ukuta uliovunjika. Wewe unalala ndani, siyo Myahudi, basi tunakuomba ruhusa, tunakupa hela kidogo. Ruhusa ya kubeba, siku moja. Siyo ardhi. Kesho tunakunja uzi, tunarudisha dukani kama umebaki. Uzi uko upande wa kambi. Shamba hatujaligusa. Ni la mama yako leo, na kesho, na jua likizama. Uzi ulikuwa wa kubebea sahani tu."